Usawa wa Kinoo

Katika karakana za useremala zilizosongamana Gikomba hadi ukingoni mwa Mto Nairobi, na zile zilizojibanza nyuma ya soko la Burma na kandokando ya Barabara ya Jogoo, ambayo wazee wa mitaa ya mashariki ya mji wangali wakiikumbuka kwa jina lake la zamani la Doonholm, kuna kifaa kimoja ambacho kila fundi anacho na ambacho aghalabu hakuna anayekitazama. Kifaa hicho ni kinoo. Randa husifiwa, msumeno hufichwa usiku usiibiwe, patasi huchomwa herufi za mwenyewe kwenye mpini kwa msumari wa moto. Lakini kinoo hutupwa chini ya meza pamoja na maranda na makopo ya gundi, huokotwa makali yanapokwisha, hupakwa mafuta, husuguliwa pale pale katikati kiliposuguliwa jana na juzi, kisha hurudishwa kilikotoka. Matokeo ya desturi hiyo ni dhahiri kwa yeyote mwenye rula. Jiwe lililotoka dukani likiwa bapa hufanya bonde katikati, na kila chombo kinachonolewa juu yake huchukua umbo la bonde hilo kinyumenyume, kama mkate wa kumimina unavyochukua umbo la sufuria.

Nilifunzwa useremala katika miaka ya 1970 na mzee mmoja wa Lamu aliyehamia Pumwani tangu ujana wake. Pumwani ni mtaa uliotengwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 uwe makao ya Waafrika wa mjini, na sehemu yake ya Majengo ilikuwa na nyumba za udongo zenye ukumbi wa katikati na vyumba huku na huku kwa mtindo wa pwani, ambamo mtu aliyetoka Lamu angeweza kukaa miaka arubaini bila ya kujiona mgeni. Adhana ya Msikiti wa Riyadha, ambao mzee aliupenda zaidi kwa kuwa jina lake ni lile lile la msikiti mashuhuri wa kwao, iligawa siku yetu ya kazi. Alikuwa mtu wa maneno machache na masharti mengi, na katika masharti yake hakuna lililotuudhi sisi vijana kuliko hili: kwamba kila Jumamosi alasiri, kabla ya posho kutolewa, kila mwanafunzi sharti alete kinoo chake mlangoni, mzee aweke ukingo wa rula ya chuma juu yake kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, na akiinue dhidi ya mwanga. Mwanga ukipita chini ya rula, posho hungoja mpaka kinoo kisawazishwe.

“Mzee, si kinanoa lakini?” nilimwuliza Jumamosi moja, kwa kuwa marafiki zangu walikuwa wakinisubiri kwenda Uwanja wa Jiji kutazama mpira.

“Kinanoa, mwanangu,” akajibu bila ya kuinua macho. “Chukua basi patasi uliyoinoa juu yake, uniondolee ukoga mwembamba katika ulimi wa kiti hiki.”

Nililaza patasi juu ya ubavu wa ulimi wa mbao, mgongo wake chini, nikasukuma. Patasi ilipita juu ya mbao bila ya kukata kitu, ingawa makali yake yalikuwa yakinyoa malaika ya mkono. Nikainua mpini kidogo ili makali yaguse. Yakagusa, yakazama, yakatoa bonge ambalo halikutakiwa kutoka. Mzee hakusema neno. Alinionyesha mgongo wa ile patasi dhidi ya rula, nikaona kwamba ulikuwa umefanya tumbo, nao kwa sababu ya tumbo hilo ulikuwa ukiyabeba makali juu, mbali na mbao, hata yasiweze kufika yanakotakiwa ila kwa kuinamisha chombo, na chombo kikiinamishwa hakina tena cha kukiongoza. Hiyo ndiyo taksiri ya kinoo kilichobonyea. Haiondoi ukali wa chombo. Huondoa uelekevu wake, na fundi asiyejua hulaumu mbao, hulaumu chuma, na mwishowe hulaumu mkono wake.

Baada ya kukubali kwamba kinoo sharti kiwe bapa, mtu hujikuta mbele ya swali gumu zaidi, ambalo kwa muda mrefu wa maisha yangu limenishughulisha kuliko linavyostahili: kinoo kisawazishwe kwa kitu gani? Nimeona majibu mengi katika mitaa hii, kuanzia Shauri Moyo hadi Umoja, na jibu lililoenea kuliko yote ni sakafu. Mafundi wengi wa Gikomba, na hata sisi kwa mzee mwanzoni, tulikuwa tukitoka nje na kopo la maji na kiganja cha mchanga wa mtoni, tukasugua kinoo juu ya saruji ya kibaraza mpaka viungo vya mabega vikalia. Sakafu haina gharama na haiibiwi. Hata hivyo ina kasoro mbili, ya kwanza ni kwamba mchanga ni laini kuliko kinoo chenyewe. Vinoo tulivyotumia, vyeusi upande mmoja na vya kijivu upande wa pili, vilikuwa vya kaborandamu, kitu alichokipata Mmarekani Edward Acheson mwaka 1891 alipokuwa akichoma udongo na makaa kwa nguvu za umeme akitaraji kutengeneza almasi. Almasi hakuipata, lakini alichopata hukaribia almasi kwa ugumu kuliko karibu kila kitu kingine afikiacho fundi. Mchanga hauwezi kuzikata chembe hizo. Unachoweza ni kumenya gundi inayozishikamanisha, zikang'oka moja moja, na kazi hiyo huenda polepole sana. Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni kwamba sakafu yenyewe haikusawazishwa na yeyote isipokuwa mwashi mwenye mwiko na haraka ya kwenda nyumbani. Mahali tuliposugulia palikuwa tayari pamefanya dimbwi lililotuamisha maji mvua iliponyesha. Na jiwe lililosuguliwa dimbwini lilitoka na tumbo.

Mmoja wetu akazua hila ya kusugua vinoo viwili, kimoja juu ya kingine. Hila hiyo inapendeza kwa akili: viwili vilivyo vibovu vitarekebishana. Tulivisugua mpaka vikagusana kila mahali, maji yakafanya vikamatane kama vilivyogandishwa kwa gundi, nasi tukavipeleka kwa mzee kwa fahari. Rula yake ilionyesha kwamba kimoja kilikuwa na bonde na cha pili kilikuwa na mlima, navyo viliingiana sawasawa, bonde kwa mlima.

Ufumbuzi wa jambo hili sikuupata kwa seremala yeyote. Niliupata Makongeni, mtaa wa wafanyakazi wa reli, kwa jirani wa mjomba wangu aliyekuwa fundi wa mitambo katika karakana ya reli, kabla ya kuvunjika kwa Shirika la Reli la Afrika Mashariki mwaka 1977. Jioni moja, alipokuwa ameketi mlangoni na sare yake ya kazi ingali imelowa mafuta, nilimsimulia habari ya mawe yetu mawili, akacheka akasema kwamba shida hiyo ilikwisha kutatuliwa zamani. Alinieleza kwamba mafundi wa mitambo wa Uingereza, katika karakana ya Henry Maudslay mjini London na baadaye kwa Joseph Whitworth, aliyelieleza jambo hilo mbele ya wanazuoni mjini Glasgow mwaka 1840, walijua kwamba usawa hauzaliwi na vitu viwili. Huzaliwa na vitatu. Chukua vibamba vitatu, kimoja kisawazishwe na cha pili, cha pili na cha tatu, cha tatu na cha kwanza, tena na tena kwa zamu. Kwa maana bonde na mlima vyaweza kupatana viwili kwa viwili, lakini hakuna umbo lolote ambalo vitu vitatu vyaweza kupatana kila kimoja na kila kingine isipokuwa umbo bapa. Wao hupaka rangi ya buluu kibamba kimoja, hukigusisha na mwenzake, na pale rangi inapohamia ndipo palipoinuka na ndipo pa kuparuzwa. Kila kipimo cha usawa katika karakana yao, aliniambia, kina nasaba inayoishia kwenye vibamba vitatu vya namna hiyo.

Sijui kama aliona jinsi maneno yale yalivyonipata. Nilikuwa kijana niliyedhani kwamba kitu sawa lazima kinakiliwe kutoka kwa kitu kingine kilicho sawa zaidi, na hicho kutoka kwa kingine, na nilikuwa sikupata kujiuliza cha kwanza kilitoka wapi. Kumbe chaweza kutoka katika vitu vitatu vibovu vinavyokaguana bila ya upendeleo. Tulijaribu kwa mzee, kwa vinoo vitatu vya aina moja, penseli ikichorwa mistari ya kukatana juu ya kila kimoja ili ionekane ni wapi panasugulika na wapi hapajaguswa. Na Jumamosi ile mwanga haukupita chini ya rula hata kidogo. Mzee aliitazama rula, akaitazama tena, kisha akafanya jambo ambalo lilinizidishia heshima yangu kwake: aliichukua rula ile aliyotuhukumia miaka yote, akachora kwayo mstari juu ya ubao, akaigeuza upande wa pili, akachora tena pale pale ili aone kama mistari miwili itaachana. Haikuachana. Kipimo chake pia kilistahili kupimwa, naye hakuona aibu kukipima mbele yetu.

Njia ya vinoo vitatu ni ya kweli, lakini ina mashaka yake kwa fundi wa kila siku. Inahitaji vinoo vitatu vya ugumu ulio sawa, na katika mitaa yetu fundi mwenye vinoo viwili ni tajiri. Chembe za jiwe la kukwaruza huingia katika vinyweleo vya jiwe la kumalizia, na jiwe la kumalizia lenye chembe moja tu ya kukwaruza huharibu makali ya juma zima. Zaidi ya hayo, kazi yake ni ndefu. Niliitumia mpaka nilipofungua karakana yangu mwenyewe Shauri Moyo, na huko ndiko nilikohamia kwenye kioo.

Kioo cha dirisha cha zamani kilikuwa na mawimbi. Ukitazama mti kupitia kwake na kutikisa kichwa, mti hucheza. Mwaka 1959 Waingereza wa kampuni ya Pilkington walitangaza njia ya kumimina kioo kilichoyeyuka juu ya bati iliyoyeyuka, kikaelea humo na kupoa, nacho kikatoka bapa bila ya kusuguliwa na mkono wa mtu. Kwa njia hiyo hutengenezwa takriban vioo vyote vya maduka na meza tunavyoviona leo. Seremala wa mtaani, ambaye hana uwezo wa kununua bamba la chuma lililosawazishwa kwa mashine, anaweza kuokota kipande cha usawa huo mahali meza ya kioo ilipovunjika. Mimi nilikipata kwa muuza vioo, pembe iliyobaki, unene wake milimita 10. Kilicho chembamba zaidi hupinda mkono unapokandamiza, na kioo kilichopinda hakina faida kuliko sakafu. Nilikilaza juu ya ubao mnene niliouranda kwa uangalifu, kitambaa chenye unyevu katikati yake kisiteleze, nikanyunyiza unga wa kaborandamu na matone ya maji.

Unga huo ulikuwa na kisa chake. Dukani uliuzwa kwa wakata vito na wang'arisha sakafu za terazo, kwa bei iliyonifanya nirudi nyumbani nikitafakari. Nikaenda Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali wanaofua mabati, wale ambao Rais Moi aliwatembelea mwaka 1985 akaamuru wajengewe mabanda ya kuwakinga na jua walilopewa jina lake. Kwao sikukosa kipande cha gurudumu la cherehe lililopasuka, lile jeusi la kukatia mawe. Nilikifunga kwa gunia nikakiponda kwa nyundo, pua yangu imefungwa kitambaa kilicholowa, kwa maana vumbi lake si vumbi la kuvutwa. Nikauchuja unga kwa chujio la chai, kisha uliopita nikautia ndani ya jagi la maji, nikakoroga, nikahesabu polepole, nikamwaga maji ya juu katika chombo kingine. Chembe nzito huzama kwanza, nyepesi hubaki zikielea. Kwa kumwaga na kungoja, jagi moja hutoa daraja tatu za unga, wa kukwaruza, wa wastani na wa kulainisha, bila ya ungo wa kiwandani. Huko huko Kamukunji nilimwomba fundi mmoja anifulie bamba la chuma badala ya kioo, akalifua kwa ustadi juu ya kipande cha reli, lakini nyundo hutengeneza sufuria nzuri kuliko inavyotengeneza usawa, nami sikumlaumu.

Inastaajabisha mara ya kwanza kuona kioo, ambacho chaweza kukwaruzwa na tupa, kikisawazisha jiwe linalokata chuma. Kioo hakikati kitu. Kinachokata ni chembe zinazobingirika kati ya viwili hivyo, ngumu sawa na jiwe lenyewe, zikimenya vilima vyake. Kazi ya kioo ni kuzipa chembe hizo mahali bapa pa kubingirikia. Mtu husugua kwa mzunguko unaofanana na tarakimu ya nane, hukigeuza kinoo kichwa kwa mkia kila baada ya muda, na hutembelea kioo chote mpaka pembeni, maana chembe hazina adabu, humla na mwenyeji wao. Kioo kikisuguliwa katikati tu kitafanya bonde kama kinoo kilivyofanya. Ndiyo sababu rula haistaafu. Upande mmoja ukichoka, kioo hugeuzwa. Pande zote mbili zikichoka, hununuliwa kingine kwa bei isiyozidi ya chakula cha mchana. Mistari ya penseli ikiisha kufutika yote kwa pamoja, kingo za kinoo huondolewa ncha zake ili zisimeguke, na kila kitu huoshwa. Katika mitaa yenye mgao wa maji, ambako mtungi hubebwa kutoka bomba la pamoja, nimejifunza kuoshea ndani ya karai na kuacha tope litulie, kwa sababu tope hilo likimwagwa katika mtaro wa ploti huganda humo, na ugomvi wake na majirani huwa mrefu kuliko kazi.

Baadaye nikawa na fedha kidogo, na mtu mwenye fedha kidogo hushawishika. Niliingia duka moja la mjini, nikauziwa jiwe maalumu la kusawazishia, zito, lenye mifereji ya mshazari, ndani ya sanduku lililoandikwa kwa lugha kadhaa. Rula ikanionyesha mwanga katikati yake siku ile ile nilipolinunua. Mwuzaji alinishauri nilisawazishe kwanza. Nikamwuliza kwa kitu gani, akanyamaza. Nasimulia haya bila ya kinyongo, kwa kuwa kifaa cha namna hiyo hata kikizaliwa bapa hakibaki bapa: kimeumbwa kwa chembe na gundi kama kinoo chenyewe, na kila kinapomla mwenzake kinaliwa. Na kwa kuwa aliyekinunua amekinunua kiwe hakimu, hapimi tena. Msasa uliolazwa juu ya kioo ni bora kuliko hicho, japo hula fedha, na ukingo wake hujikunja ukainuka na kuviringa pembe za jiwe. Kwa fundi anayesawazisha mara chache kwa mwaka unatosha kabisa, na sina zaidi la kuusemea.

Siku hizi vijana wana bamba la almasi. Almasi ya kutengenezwa, ile aliyoikosa Acheson, ilitangazwa na kampuni ya General Electric ya Marekani mwaka 1955, na leo vumbi lake hugandishwa kwa nikeli juu ya bamba la chuma na kuuzwa hadi mitaani kwetu. Kijana mmoja wa Jericho, anayetengeneza kabati za jikoni zinazonitia wivu, aliniletea lake akiwa na hasira kwamba limekufa kabla ya mwaka kwisha. Nilimwuliza amelifanyia nini, akasema amelisawazishia vinoo vyake vyote, hasa kile cheusi cha kukwaruza, ambacho ndicho kibonyeacho upesi. Nikamwonyesha kwa kioo cha kukuza: almasi hazikuwa zimechakaa, zilikuwa zimeng'oka, na mahali pake pamebaki vishimo katika nikeli. Almasi ni ngumu kuliko kaborandamu, lakini nikeli iliyoishika ni laini. Chembe nzito zinazong'oka katika jiwe la kukwaruza hubingirika chini ya bamba, zikala nikeli kandokando ya almasi mpaka ikakosa pa kujishikilia. Juu ya kinoo laini cha kumalizia hakuna kifaa kinachoshinda bamba hilo: ni safi, ni la haraka, halihitaji unga, wala halipandi chembe kubwa pasipotakiwa. Juu ya kinoo cha kukwaruza ni fedha inayomwagwa karaini.

“Sasa nichague lipi, mzee?” akaniuliza, na kwa mara ya kwanza nikalisikia neno lile likielekezwa kwangu kwa maana ile niliyokuwa nikimwita nayo mwalimu wangu.

Nilimwambia nifanyavyo mwenyewe. Kioo na unga kwa vinoo vya kukwaruza na vya kati, bamba la almasi kwa vile vya kumalizia, na kabla ya kununua bamba lolote aende dukani na rula yake mfukoni, rula ambayo ameijaribu kwa mistari miwili ya penseli, aiweke juu ya bamba mbele ya mwuzaji, na likipitisha mwanga alirudishe hata likiwa la bei gani na jina gani. Kwa insafu yangu, sifa ya kwanza ya kifaa cha kusawazisha ni kwamba mwenyewe aweze kukikagua kwa mikono yake na kukibadilisha kikichoka. Ugumu huja wa pili, na wepesi wa kazi wa tatu. Kioo si kigumu wala si chepesi, na kila baada ya muda hunidai kazi. Lakini sijapata kifaa kingine ambacho, kikipoteza usawa wake, hukiri upesi hivyo chini ya rula, na ambacho kukibadilisha hakuhitaji ila hatua chache hadi kwa muuza vioo.

Yote haya ni mambo ya seremala, nami sipendi kuyatwika wasiohusika. Mchinjaji wa Burma hunoa kisu chake cha mviringo juu ya jiwe lenye bonde, akakimaliza kwa chuma cha kupitishia, na nyama yake hukatika vizuri kuliko angenisikiliza mimi. Mnoa visu anayezunguka mitaa na gurudumu lake linaloendeshwa kwa miguu, akigonga chuma ili akina mama watoke na visu na mikasi, hana haja ya usawa wala hana wakati wake. Makali yake ni ya kukata sukuma wiki, nayo yanatosha. Wachongaji wa Kikamba hapo Pumwani, warithi wa kazi iliyoanzishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu baada ya Vita Kuu ya kwanza, hunoa nyembe za tezo na patasi za mviringo, ambazo zina tumbo kwa makusudi, na jiwe bapa kwao ni kero. Nilipokuwa nikihama karakana, mmoja wao alipita akakuta rundo la vinoo nilivyokuwa nimevitenga nivitupe. Alivigeuza kimoja kimoja, akapitisha kidole gumba ndani ya mabonde yake, akaacha vyote isipokuwa kile ambacho hata mimi sikuwa na subira ya kukisawazisha, chenye mfereji kiasi cha upana wa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Aliniuliza bei, nikamwambia akichukue bure, hakukubali. Kesho yake alileta kipande kinene cha muhugu mkavu, nami nikakipasua nikatengenezea mipini ya patasi.